Pipa la Miezi Mitatu

3 Februari

Mjomba,

Shikamoo. Sisi ni wazima, ila si wazima sana, ndiyo maana naandika.

Mama ameanguka tena. Safari hii alivuka barabara vizuri, akafika choo cha yule jirani mwenye mashine ya kusaga, kisha akateleza kizingitini. Nyonga ile ile. Hakuvunjika, lakini tangu siku hiyo anakunywa maji kwa kijiko ili asipate haja. Nikirudi kutoka kwenye cherehani namkuta midomo imepasuka. Nikimpa kikombe ananiambia hana kiu. Juzi nimemkuta analia kwa sababu amelowesha kitanda, na hakutaka nimshike.

Unajua tunavyoishi. Tela letu lina hatua saba kwa tatu, limeegeshwa juu ya matofali, na chini yake ni mwamba mtupu. Mwenye kiwanja alitupokea kwa sharti kwamba tusichimbe. Hata angeturuhusu, jembe lingetucheka.

Kwa hiyo nataka choo ndani ya tela, kisichohitaji shimo wala maji. Nimeambiwa viko vya namna mbili. Seremala aliye jirani na karakana yetu ya kushonea anaweza kunitengenezea kiti cha mbao chenye ndoo chini. Ukimaliza haja unafunika kwa maranda, na kila siku ya tatu unakwenda kumwaga ndoo kwenye shamba lake, ambako ana lundo lake linalooza mpaka liwe mboji. Cha pili kinauzwa dukani. Kiti chake kimegawanyika: haja ndogo inapita mbele kwa mpira mpaka kwenye dumu, kubwa inaangukia kwenye pipa. Lina bomba la kutoa hewa juu ya paa. Pipa likijaa unalifunga na kuliweka kando mpaka lililomo ligeuke udongo.

Nilitaka kuamua mwenyewe. Mama kakataa. Kasema, "Muulize mdogo wangu. Vyoo vya kambi nzima viko chini ya mkono wake." Basi nakuuliza. Kabla ya mvua, tafadhali, njia ile ikilowa hataweza kabisa.

Mpwa wako,
Kifungo

—

19 Februari, Kambini

Mpwa wangu Kifungo,

Marahaba, na marahaba nyingine uweke akiba.

Barua yako imenikuta nimezungukwa na wahandisi wanne wanaosubiri niseme neno. Nikawaambia, ngojeni kwanza, damu inaniita. Wakangoja. Mmoja alinishikia kalamu.

Mwambie dada asitie shaka, amefika kwa mwenyewe. Mimi nilipokuja kujenga barabara hii, watu mia mbili walikuwa wanakwenda vichakani, na nyoka wa upande ule walishahama kwa kinyaa. Nikasema hapana. Nikaamuru vyoo vya mapipa, ishirini na viwili, nikavipanga mstari kama askari. Leo nyuki wanatua juu ya viti wakidhani ni maua. Usinibishie, mwulize yeyote.

Sasa sikiliza ushauri wa mtu mzima. Ndoo achana nayo. Ndoo ni ya mtu mwenye mgongo wa kukodisha. Nani atakayeibeba kila siku ya tatu, wewe uliyeinama kwenye cherehani tangu asubuhi, au dada na nyonga yake? Na mtaani watasema nini wakikuona unapita na ndoo ya mambo hayo kichwani? Chukua pipa. Pipa lina heshima, linakaa kimya, linafanya kazi yake.

Tena nikupe kisa. Walikuja wageni wakubwa, magari sita, wakataka kuona. Nikafungua pipa lililokaa miezi mitatu. Bila glavu, bila nini, nikazamisha mkono hadi kwenye kiwiko, nikatoa konzi, nikanusa, nikaipukuchua mbele ya macho yao. Nyeusi, laini, inanukia msitu uliotoka kunyeshewa. Mama mmoja mwenye miwani akaniomba kidogo akawekee maua yake. Nikamfungia kwenye karatasi.

Msomee dada kipande hicho mara mbili.

Mjomba wako,
Msimamizi Mkuu wa Usafi, Kambi Nzima

—

6 Machi

Mjomba,

Nimemsomea mara tatu. Amecheka mpaka akashika nyonga. Ahsante kwa hilo, alikuwa hajacheka tangu Desemba.

Lakini kuna jambo halikai sawa. Nilikwenda dukani. Muuzaji anasema watu wawili wanajaza pipa kwa miezi mitatu, halafu pipa hilo lazima likae mwaka mzima bila kuguswa. Kwa hesabu yake ninahitaji mapipa matano, moja la kutumia na manne yanayopumzika. Nikamwambia mjomba wangu ni mtu wa kazi hiyo na anasema miezi mitatu. Akakunja uso. "Mwaka, dada, na glavu juu yake. Mle ndani mna wadudu wanaoua."

Nyuma ya tela pana nafasi ya mapipa mawili tu. Ikiwa ni mwaka, basi pipa halitufai, nitachukua ndoo ya seremala na nitabeba mwenyewe, waseme watakavyosema. Ikiwa ni miezi mitatu, mawili yanatosha: moja likijaa lingine linakuwa tayari kumwagwa.

Nakuuliza bila utani. Ni miezi mitatu au ni mwaka? Kisa cha wageni kiweke kando, nipe jibu la kazini.

Mama anasema jibu ulishatoa na mimi nakuvunjia heshima. Nisamehe kama ni hivyo.

Kifungo

—

20 Machi, Kambini

Kifungo,

Umenichekesha na kunichoma kwa mkupuo mmoja.

Muuza mapipa ulitaka akwambie nini? Muuza mapipa atakwambia ununue mapipa. Umewahi kusikia muuza majeneza akimwombea mtu maisha marefu? Yeye kayaona mapipa rafuni, matupu, yananukia plastiki. Mimi nimelala nayo, nimeamka nayo, miaka sita. Yaani nimeyasimamia.

Mwanamume akisema mitatu ni mitatu. Nikianza kusema leo mitatu kesho kumi na miwili, dada yangu atamwambia nani kwamba ana mdogo wake mwenye cheo? Nunua mawili. Atakayekucheka mlete kwangu nimpe kazi ya kufagia.

Na habari za glavu ni za wale wanaobeba. Mikono ya mjomba wako ni ya kalamu.

Ni mimi,
Msimamizi Mkuu wa Usafi, Kambi Nzima, na Mshauri wa Wahandisi

—

11 Julai

Mjomba,

Nimenyamaza muda mrefu kwa sababu mambo yalikuwa mazuri, na mambo mazuri hayana la kuandika.

Seremala alikifunga choo mwezi wa nne, pale palipokuwa na kabati. Nimeshona pazia zito. Kuna fimbo ya kushikia ukutani na kopo la maranda mkono wa kulia. Hakinuki. Mama anakunywa maji, Mjomba, vikombe vizima, na anaviacha vitupu mezani nivione. Usiku simsikii tena akigeuka geuka. Nilikuwa nimesahau kwamba ana shingo iliyonyooka.

Tarehe nane pipa la kwanza limejaa. Seremala amenisaidia kulifunga na kulisogeza nyuma. Mama ameandika tarehe kwa chaki.

Kuna mke wa mwenye mashine. Tangu tuache kwenda kwake ameona tumejikweza. Alipita akamwambia Mama dirishani, "Jirani, siku hizi mnalala na mavi yenu?"

Mama akamjibu, "Ndiyo, na hayakoromi kama mumeo."

"Mtakuja kuugua."

"Njoo tarehe nane mwezi wa kumi. Nitalifungua mbele yako, uone udongo. Mdogo wangu alitia mkono mbele ya wageni wa magari sita."

Sasa habari imeenea, watu wanaingoja hiyo tarehe kama harusi. Nimemwambia nitalifungua mimi, na glavu. Anasema wewe hukuvaa. Kama kuna tahadhari yoyote, iandike kwa mkono wako, mimi hanisikilizi.

Kifungo

—

27 Julai, Kambini

Kifungo,

Nimefurahi dada anakunywa maji. Hilo ndilo kubwa, mengine ni mbwembwe.

Kuhusu tarehe nane, nasema hivi: hakuna anayewafukuza. Pipa likikaa zaidi si dhambi. Divai haikatai kukaa. Na dada ni mtu mkubwa, watu wakubwa hawashiki vitu, wanaonyesha kwa fimbo. Mwambie hivyo. Wale majirani waone kwa mbali tu, wasije wakaomba bure.

Siku hizi nina kazi nyingi. Mvua imeosha vitu vingi hapa.

Msimamizi

—

26 Septemba, Kambini

Kifungo,

Barua hii uisome peke yako kwanza, halafu umsomee dada yangu yote. Usiruke neno.

Mimi si msimamizi. Sijawahi kuwa msimamizi wa kitu chochote, hata wa ngazi. Hakuna mhandisi anayejua jina langu. Mimi ndiye ninayebeba mapipa. Tuko wawili, tulikuwa wawili, mimi na mwenzangu tuliyemwita Kimya. Kila asubuhi tunavuta yaliyojaa, tunaweka matupu. Tunakula kwenye meza yetu wenyewe, nyuma ya stoo, kwa kuwa wengine walilalamika.

Wageni walikuja kweli. Magari sita, hilo sikudanganya. Asubuhi hiyo nyapara alituambia tukae nyuma ya lundo la kokoto mpaka waondoke. Nilimwona mama mwenye miwani kwa mbali. Hakuniona.

Sasa ninachokijua, na nakijua kuliko mhandisi yeyote. Pipa likifungwa nalichora tarehe kwa rangi nyeupe, naliburuta nyuma ya mashine ya kupasulia mawe, na haliguswi mpaka tarehe ile irudi mwaka wa pili. Mwaka. Muuzaji alikwambia kweli. La miezi mitatu juu linaweza kuonekana udongo na kunukia udongo, lakini ndani bado ni hai. Nilijua siku uliponiuliza. Nilikaa na karatasi yako siku mbili. Kila nilipotaka kuandika mwaka niliona utauliza nimejuaje, na nikaona uso wa dada yangu akisikia. Aliyenibeba mgongoni akinivusha mto ili nisilowe, amwambie nani kwamba yule mtoto amekua akawa mbeba mavi ya watu? Basi nikaandika mitatu.

Mvua ya Julai ilifuta rangi kwenye mapipa. Kimya alifungua moja akidhani limetimiza mwaka, kumbe lina miezi minne. Alikuwa na glavu, lakini ya kulia ilikuwa imepasuka kidole gumba. Siku ya tatu hakusimama. Walimpakia kwenye lori, juu ya magunia ya saruji. Jana lori limerudi na viatu vyake.

Usifungue. Pipa lililofungwa Julai likae mpaka Julai ijayo. La pili likijaa lifunge, chukua ile ndoo ya seremala, beba mwenyewe kama ulivyotaka tangu mwanzo. Wewe ndiye uliyekuwa na akili. Dada asilikaribie. Mke wa mwenye mashine acheke mpaka achoke.

Barua naipa dereva leo hii, lori linaondoka saa nane mchana. Barabara ni ile tunayoijenga, kwa hiyo unajua hali yake.

Mjomba wako,
mbeba mapipa

—

25 Oktoba

Mjomba,

Barua yako ya Septemba ilifika tarehe kumi na nne Oktoba. Dereva anasema daraja la muda lilibebwa na maji, lori likalala ng'ambo siku kumi na tano. Kama unataka kujua, ndiyo hivyo.

Tarehe nane nilimwambia Mama tungoje nitoke kazini. Hatukuwa na ugomvi, aliitikia vizuri. Tulikuwa na sare za shule mia moja za kumaliza, nikachelewa. Mengine nimesimuliwa na mke wa mwenye mashine, na sidhani anadanganya, maana alisimulia akilia.

Anasema walikuwepo wanawake saba. Mama aliketi kwenye kigoda, akamwomba seremala atoe mfuniko, kisha akamwambia arudi nyuma asiwazibie watu. Hakuna harufu iliyotoka. Wote walishangaa. Mke wa mwenye mashine akasema, "Ya juu ni maranda tu, jirani, usitufanye watoto."

Mama akakunja mkono wa gauni. Akauingiza mpaka kwenye kiwiko.

Seremala akasema, "Mama, subiri glavu, ziko mlangoni."

"Mdogo wangu hakuvaa."

Akatoa konzi. Akanusa, akapukuchua, ikamwagika kwenye khanga yake. Ilikuwa nyeusi. Akawaambia, "Haya, nani mwingine ana mdogo wake kama wangu?" Wakampigia vigelegele, Mjomba, hata yeye mke wa mwenye mashine. Iliyobaki mkononi akaitia kwenye makopo yake ya pilipili. Akanawa kwa kikombe kimoja cha maji bila sabuni, akaingia ndani akala wali wa jana. Niliporudi alikuwa anang'aa. Nilimwona na nilifurahi naye. Sikumwuliza kama alinawa vizuri. Hilo ni langu, si lako.

Lilianza tarehe kumi na moja. Sitakueleza yote. Yule aliyekuwa anabana maji kwa kijiko, sasa hakuna kilichobanika. Alikaa kwenye kiti kile kile alichokipenda mpaka hakuweza kukaa, ndipo tukambeba hospitali kwenye mkokoteni wa seremala. Wakamtundikia maji mikono yote miwili. Daktari aliniuliza alishika nini. Nikamwambia. Akaacha kuandika, akanitazama, akauliza, "Nani alimwambia afanye hivyo?"

Nikaanza kumfuta Mama midomo. Daktari akaitwa kwa wagonjwa wengine.

Barua yako ililetwa wodini. Mama akaona mwandiko kwenye bahasha akanyanyua kidole. "Nisomee."

Nikaifungua pale pale, sikupata nafasi ya kuisoma kwanza. Nikasoma kwa macho mistari mitatu. Halafu, Mjomba, nikasoma kwa mdomo vitu visivyokuwepo. Nikasoma kwamba umepandishwa cheo. Umepewa ofisi yenye madirisha mawili, na wahandisi wanapokezana kukufungulia mlango. Nikasoma kwamba kiti chako ni kizito kiasi kwamba kililetwa na gari lake peke yake. Sikujua kama naweza. Kumbe ni damu.

Mama akauliza, "Na pipa?"

Nikageuza ukurasa. Nikasoma, "Dada amelifungua vizuri kuliko mimi."

Akacheka bila sauti. Akasema, "Atakuwa amenenepa huyo." Hilo ndilo neno la mwisho nililolielewa. Siku mbili zilizofuata alisema mengine, lakini hayakuwa ya kwetu. Alikwenda tarehe kumi na sita asubuhi.

Ulitaka nimsomee yote. Sikufanya. Usiniulize kama nilifanya vizuri.

Siku ya tatu ya msiba alikuja bwana afya. Watu walikuwa wamejaa, wameketi mpaka kwenye ngazi za tela. Akayaona mapipa mawili nyuma, maana la pili nalo lilikuwa limejaa, akasema yaondolewe, na ule mwamba uliomwagikiwa usafishwe kwa dawa, na afanye mtu anayejua. Akauliza nani atalifanya. Seremala akatazama chini. Amesaidia vya kutosha, sikumlaumu. Hakuna aliyesogea.

Mke wa mwenye mashine akasema, bila ubaya, "Si yupo kaka mtu? Mkubwa wa vyoo. Alete watu wake."

Wote wakanigeukia. Nikasimama.

Nikasema, "Hana watu. Anabeba mwenyewe. Hiyo ndiyo kazi yake, miaka sita."

Mashine ya kusaga ilisikika ng'ambo ya barabara. Bwana afya hakuelewa kwa nini watu wanatazamana. Akaandika kwenye daftari lake, mjomba wa mfiwa, mbeba mapipa. Akaniuliza utafika lini. Nimemwambia mwisho wa mwezi.

Kwa hiyo uje. Nimefunika mapipa kwa turubai na mawe. Pilipili nimeng'oa. Ngazi za tela zina ufa wa upande wa kushoto, usikanyage hapo.

Ukifika usigonge. Nitakuwa ndani, nitakusikia. Pita nyuma, anza na kazi. Ukimaliza, sabuni na maji ya moto yatakuwa kizingitini. Nawa hadi kwenye kwapa, kama unavyojua kunawa. Ndipo ugonge.

Kifungo